Kastadi ya Wajumbe

Mpishi mkuu wa hoteli ya mji ule aliitwa Onja, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwa mkewe tu, ambaye naye alilitumia akiwa amekasirika. Jina la utani lilimwingia kwa tabia yake. Chakula chochote kikipita mbele yake, hata cha msibani, hata uji wa mgonjwa, lazima achomoe kijiko kwenye mfuko wa shati na kusema, "Hebu nionje kwanza." Wahudumu walimtania kwamba siku akifa ataonja udongo ndipo akubali kuzikwa. Alicheka nao. Alikuwa mnene, mpole, mikono yake imejaa alama za kuungua, na alikuwa na kiburi kimoja tu maishani: hakuna mgeni aliyewahi kurudisha sahani yake jikoni.

Hoteli ilikuwa karibu na daraja. Upande wa pili wa daraja kulikuwa na mji mwingine, mkubwa zaidi kidogo, wenye kituo cha reli na jumba la posta la zamani, na watu wa huko walijiona. Watu wa mji wa Onja waliuita "ng'ambo" tu, kama vile kutaja jina lake kungewapa faida. Miji hiyo miwili iligombania kila kitu: timu ya mpira, soko la mifugo, hata mahali basi la mkoa linapogeuzia.

Kisha habari zikaja. Nchi mbili jirani, zilizokuwa zimepigania mpaka wao kwa miaka mingi, zilikubali kukaa mezani, na mahali palipochaguliwa ni pale hotelini kwa akina Onja, kwa kuwa ni mji mtulivu na hauko karibu na nchi yoyote kati ya hizo mbili.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ndiye aliyewafafanulia watu uzito wa jambo lenyewe. Alisimama mlangoni kwa kinyozi, na gazeti mkononi.

"Mikataba mikubwa ya dunia haiitwi kwa majina ya wakubwa walioisaini," alisema. "Inaitwa kwa jina la mji ilipofanyiwa mazungumzo. Mji wenyewe unaweza kuwa mdogo kama huu wetu, lakini mkataba ukishatiwa saini, jina limeingia vitabuni. Watoto wa nchi za mbali watatakiwa kulikariri."

"Na wakilisahau?" kinyozi aliuliza.

"Watakosa maksi."

"Basi kuna mtoto huko Ulaya atachapwa kwa ajili yetu!" kinyozi alisema, na watu wakacheka mpaka mteja aliyekuwa kitini akaomba wembe uwekwe chini kwanza.

Tangu siku hiyo mji ukawa kama bibi harusi. Kuta zilipakwa chokaa, mashimo ya barabarani yakazibwa, na mwenyekiti wa mji akaagiza bango kubwa la bati la kuwekwa darajani, lenye maandishi ya kuwakaribisha wageni katika mji wa mkataba. Bango lilichorwa kabla mjumbe hata mmoja hajafika.

Wajumbe walifika na mazungumzo yakaanza. Kwa majuma mawili habari zilizotoka ukumbini zilikuwa mbaya: wamegombana, wametoka nje, wamerudi, wamenuniana. Jikoni kwa Onja mambo yalikuwa mengine. Siku moja aliwapelekea kastadi ya maziwa na mayai baada ya chakula cha mchana, laini, yenye rangi ya siagi. Mkuu wa ujumbe mmoja akamwita mhudumu na kumuuliza kwa kunong'ona kama imebaki. Mkuu wa ujumbe wa pili, aliyekuwa hajamtazama mwenzake usoni tangu afike, akasikia na kusema, "Na mimi pia." Mhudumu alikuja mbio jikoni na habari hiyo. Onja aliendelea kukoroga mchuzi, lakini jioni alimsimulia mkewe mara tatu.

"Kumbe wewe ndiye msuluhishi," mkewe alimwambia, huku akitia uzi kwenye sindano ya cherehani.

"Mimi napika tu."

"Sawa, msuluhishi mpishi. Kesho utaomba kuweka saini na wewe."

Maziwa ya kastadi ile yalitoka kwa mdogo wake mke wa Onja. Huyu alikuwa mjane mwenye ng'ombe watatu, akikaa mwisho wa mji, na kila asubuhi alileta maziwa hotelini kwa baiskeli, ndoo zimefungwa nyuma kwa mipira. Watu walimwita Mama Maziwa. Onja ndiye aliyemtafutia kazi hiyo, na hakuwahi kuijutia. Ndoo za shemeji yake zilisuguliwa mpaka ukajiona uso ndani yake, na maziwa yake hayakuwahi kuongezwa hata tone la maji.

Hatimaye msuluhishi, mzee mmoja wa nchi ya tatu, akatangaza kwamba mkataba utatiwa saini siku inayofuata, saa kumi alasiri. Onja akaamua kwamba chakula cha mchana cha siku hiyo kitamalizika kwa kastadi, mabakuli makubwa manne, ya kuwatosha wajumbe wote na waandishi wa habari. Akaipika jioni, akaiacha ipoe, kisha akaenda kufungua chumba cha baridi.

Chumba kilikuwa kimejaa maua.

Meneja wa hoteli alisimama katikati ya ndoo za maua kama mlinzi. "Ya meza ya saini," alisema. "Kwa joto hili yatanyauka kabla ya kesho. Vitu vyako viweke stoo."

"Meneja, kastadi haiwezi kulala stoo."

"Picha za hii meza zitaonekana dunia nzima. Kastadi yako nani ataipiga picha? Ni usiku mmoja tu, Onja. Funika vizuri."

Onja angeweza kubishana. Angeweza kuimwaga na kupika nyingine asubuhi. Lakini mayai yalikuwa yamekwisha, meneja alikuwa ameshapandisha sauti, na yeye alikuwa amechoka. Akafunika mabakuli kwa vitambaa, akayapanga stoo juu ya magunia ya viazi.

Asubuhi alichomoa kijiko. Bakuli la kwanza lilikuwa na uchachu kidogo kwenye ncha ya ulimi, wa kumfanya mtu aonje tena ili ahakikishe. Akaonja tena. Akaonja la pili, la tatu. Akasimama stoo muda mrefu akitazama ukuta. Kisha akaongeza sukari, akaongeza vanila, akakwangua ganda la limau juu yake, akaonja mara ya mwisho na kujiambia kwamba hausikiki tena.

Ingawa ilikuwa desturi yake kuwaachia wahudumu mabaki ya kila kitu kitamu, siku hiyo aliyamwaga mwenyewe, akayasukuma kwa maji. Mhudumu mmoja akalalamika.

"Leo hakuna makombo," Onja alimwambia. "Nendeni mkavae vizuri, kuna picha."

Saa kumi ilipofika, kalamu zilikuwa mezani, maua yalikuwa mezani, na wajumbe walikuwa chooni.

Mambo yaliyofuata yalitisha zaidi ya yalivyochekesha. Kila upande ulidai umewekewa sumu na mwenzake. Walinzi wakashika silaha kwenye ngazi. Mjumbe mmoja mzee alipelekwa hospitali akiwa amebebwa kwa shuka, na kwa saa kadhaa ilionekana vita vitaanzia pale pale mapokezi. Daktari ndiye aliyewatuliza: watu wa pande zote mbili wanaumwa sawasawa, hakuna sumu, ni chakula kimeharibika. Hakuna aliyekufa. Lakini wakuu wa wajumbe wakaitana, wakiwa wamejishika matumbo, na jambo la kwanza walilokubaliana bila kubishana ni kuondoka katika mji ule.

Walivuka daraja. Siku chache baadaye, katika jumba la posta la zamani la ng'ambo, mkataba ukatiwa saini. Redio ikautaja kwa jina la mji wa ng'ambo, magazeti yakaandika hivyo hivyo, na ikawa ndivyo utakavyoitwa milele.

Bwana afya alikuja jikoni na meneja. Sufuria na mabakuli yalikuwa yameoshwa, hakuna cha kupima. Bwana afya aliuliza juu ya nyama, akajibiwa. Akauliza juu ya maji, akajibiwa.

"Na hicho kitamutamu cha mwisho. Kilikuwa na nini?"

"Mayai, sukari, maziwa," Onja alisema.

"Maziwa yalitoka wapi?"

"Kwa shemeji yangu."

Onja alimsikia meneja akishusha pumzi, kama mtu aliyetua gunia. Akangoja swali linalofuata. Alikuwa amejiandaa kulijibu, au ndivyo alivyojiambia baadaye: kama angeulizwa kastadi ililala wapi, angesema. Bwana afya alikuwa akiandika. Meneja alimtazama Onja kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno, na Onja akatazama mikono yake. Hakuna aliyeuliza. Hakusema uongo hata neno moja.

Mama Maziwa alikatazwa kuuza maziwa kwa mtu yeyote. Alikwenda kwa bwana afya na ndoo zake, akamwambia atie mkono, anuse, ajionee. Haikusaidia. Mji ulikuwa na uchungu na ulitaka mtu. Bango la mwenyekiti liling'olewa na kulazwa nyuma ya ofisi kifudifudi. Watoto waliokuwa wakimkimbilia Mama Maziwa na vikombe sasa walimfuata barabarani wakiimba "Mama Tumbo, Mama Tumbo." Mwalimu mkuu, mtu mwenye heshima zake, alipishana naye sokoni akasema bila kumtazama, "Mji mzima umekosa historia kwa sababu ya ndoo chafu."

Lililomuumiza Onja zaidi lilitokea nyumbani kwake, sebuleni. Shemeji yake alikuja kuwaomba dada mtu na mumewe wamtetee. Onja alikuwa na kikombe cha chai mkononi.

"Dada, unanijua. Tangu utoto unanijua. Mimi ndoo yangu inaweza kuwa chafu?"

"Najua nini mimi?" mke wa Onja alijibu. "Ninachojua ni kwamba mume wangu amekaa jikoni miaka yote hiyo bila doa, na doa la kwanza limetoka kwako. Amekutafutia kazi kwa mdomo wake mwenyewe, nawe umemwaibisha mbele ya dunia."

"Shemeji," Mama Maziwa alisema, akimgeukia Onja, "nawe unasemaje?"

Onja alisema, "Yamepita, shemeji. Tusigombane."

Aliona jinsi uso wa shemeji yake ulivyojifunga. Mama Maziwa aliondoka bila kumaliza chai yake, na dada hao wawili hawakukanyagiana mlango kwa miaka minne.

Ng'ombe wawili waliuzwa. Wa tatu hakupata mnunuzi, kwa sababu hata ng'ombe wake walisemwa. Mwishowe Mama Maziwa akavuka daraja kutafuta kazi mahali asipojulikana, na akaipata katika jumba la posta, ambalo sasa liliitwa Jumba la Mkataba. Wageni walikuja kuona meza, viti na kalamu. Yeye alifagia, akapangusa meza, na baadaye, kwa kuwa alijua kuzungumza na watu, akawa anawatembeza.

Onja aliendelea kupika. Hakuacha kuonja, lakini watu wa jikoni waliona kwamba sasa anaonja kitu kimoja mara nyingi mno, kama mtu aliyesahau ameshaonja. Kila mwezi alimtumia shemeji yake kitu kupitia kwa mmoja wa watoto: kuku, sukari, mafuta ya kupikia. Mkewe alipogundua, alimshika bega.

"Wewe una moyo," alisema. "Mtu amekuharibia jina, bado unamtumia kuku. Mimi nisingeweza."

Onja alikwenda uani akajifanya anatafuta jembe.

Kisha, mwaka wa nne, mkataba ukavunjika. Mapigano yalianza tena mpakani, na redio ikasema maelfu wamekimbia vijiji vyao. Katika nchi zile mbili jina la mji wa ng'ambo likageuka tusi. Mtu akiahidi asitimize, anaambiwa ametia saini ya kule. Wageni waliokuja Jumba la Mkataba walipungua, na mmoja, ilisemekana, alitema mate mlangoni.

Huko kwao Onja watu walifurahi, kwa aibu kidogo mwanzoni, halafu bila aibu yoyote.

"Jamani, tumeponea chupuchupu," kinyozi alisema. "Hebu fikirini, lingekuwa jina letu hilo!"

"Mungu anajua kupanga," mwalimu mkuu alisema.

"Mungu na Mama Maziwa! Yule mama tulimtukana bure. Angekuwa na ndevu ningemnyoa bila malipo mpaka afe."

Wakacheka. Onja alikuwa kitini, shuka shingoni, povu mashavuni. Walimpa shemeji yake shukrani kwa jambo asilolifanya, kama walivyompa matusi kwa jambo asilolifanya. Akaomba amaliziwe haraka, na kinyozi akashangaa, maana kwa kawaida Onja alikaa pale mpaka kiti kinalowa.

Siku mbili baadaye alikuwa jikoni akimenya viazi, redio iko juu ya rafu. Mchambuzi mmoja alikuwa akieleza kwa nini mapigano yamerudi. Alisema vita vimeanzia kwenye visima vya mpakani, na visima hivyo havikuwa vimeamuliwa katika mkataba. Kulikuwa na kifungu juu yake, lakini wajumbe, wakiwa dhaifu baada ya kuugua na wakitaka kurudi makwao, waliandika tu kwamba suala litajadiliwa baadaye. "Laiti wangepewa siku tatu za afya njema," mchambuzi alisema.

Onja aliweka kisu chini. Chakula cha mchana siku hiyo kilipikwa na msaidizi wake. Yeye alivua aproni, akavuka daraja kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu wajumbe walipougua, na akaingia Jumba la Mkataba kama mgeni.

Shemeji yake alikuwa anawatembeza wazee wawili, mume na mke. Alivaa koti la bluu lenye kibandiko kifuani, na alikuwa amekonda. Onja alijibanza nyuma.

"Hapa alikaa mkuu wa upande huu, na hapa wa upande ule," Mama Maziwa alikuwa akisema. "Kalamu ni hizi hizi."

"Tulisikia walikuwa wasaini mji wa pili," yule mama mgeni alisema. "Kulitokea nini?"

Mama Maziwa alipangusa ukingo wa meza ambao haukuwa na vumbi. "Waliumwa," alisema. "Tuendelee huku, kuna picha."

Wageni walipotoka, alimkuta Onja amesimama karibu na dirisha.

"Shemeji. Dada anaumwa?"

"Hapana. Nimekuja kwako."

Akaanza, lakini akaanzia mbali. Alianzia kwenye redio, kwenye visima, kwenye watu wanaokimbia na magodoro vichwani. Alisema hapati usingizi tangu juzi, anawaona watoto wao, ana damu mikononi, yeye ndiye aliyevunja amani ya nchi mbili. Jasho lilimtoka. Mama Maziwa alimsikiliza huku amekunja uso, haelewi, mpaka alipofika kwenye maua, na stoo, na magunia ya viazi. Hapo akakaa kwenye kiti cha mkuu wa ujumbe, kiti ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukikalia.

"Ilikuwa imeharibika kabla hujawapelekea," alisema.

"Ndiyo."

"Na ulijua."

"Nilijua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Onja alitazama sakafu. "Kiasi cha kuwakataza wahudumu wasile."

Nje mtu alikuwa akipiga honi.

"Na siku ile sebuleni," Mama Maziwa alisema, "nilipokuuliza unasemaje. Ulikuwa na kikombe cha chai."

"Shemeji, nimeua watu. Hao wa mpakani..."

"Nyamaza!" Sauti yake iligonga kuta na mlinzi akachungulia. Akaishusha. "Hao wa mpakani wameuawa na wenye bunduki. Waliandika 'baadaye' kwa mkono wao, na wakakaa na hiyo 'baadaye' miaka minne, matumbo yao mazima kabisa. Wewe usinijie hapa na nchi mbili mgongoni ili usinibebe mimi. Mimi ni mwepesi, shemeji. Nilikuwa na ng'ombe watatu na dada mmoja."

Onja alilia, na yeye akamwacha alie. Hakumwambia pole.

"Unataka nifanye nini?" Onja aliuliza mwishowe. "Nitatangaza popote. Nitapiga magoti sokoni."

"Sokoni utakwenda, lakini anza na dada yangu. Leo. Na usimwambie habari za visima. Mwambie habari za ndoo zangu."

Onja alimkuta mkewe kwenye cherehani, jua la alasiri likiingia dirishani. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Mkewe hakuacha kushona. Alifuata mshono mpaka mwisho wa kitambaa, akakata uzi, akakunja gauni la mtu vizuri na kuliweka pembeni. Kisha akamwita kwa jina lake, lile la wazazi wake, na kumwomba atoke nje, kwa kuwa hakutaka kumwona wakati yeye anavaa viatu vyake. Akaenda ng'ambo kwa mdogo wake. Alirudi siku ya tatu, akahamishia godoro lake kwenye chumba cha watoto.

Bwana afya alikuwa bado kazini. Alisikiliza, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Laiti ningeuliza swali moja zaidi," alisema, kama anajisemea. Aliandika barua ya kufuta marufuku, na akaipeleka mwenyewe kwa miguu. Meneja wa hoteli, kwa upande wake, alisema hakumbuki maua yoyote. Alimwambia Onja kwamba hoteli haiwezi kuwa na mpishi anayejisema vibaya, na Onja akakusanya visu vyake siku hiyo hiyo.

Lakini jambo lililomshinda ni la sokoni. Alisema kwa kinyozi, pembeni mwa soko, duka likiwa limejaa. Alisema wazi, bila kujikingia: kastadi ilikuwa yake, kosa lilikuwa lake, Mama Maziwa hana hatia. Akangoja matusi. Alikuwa amejitayarishia matusi.

"Aa, Onja!" kinyozi alisema. "Hata hilo unataka kumnyang'anya yule mama? Miaka yote alipotukanwa ulikuwa kimya, leo tunamsifu, wewe unajitokeza!"

"Sijaja kutafuta sifa."

"Basi umekuja kutafuta nini? Nishani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa mji akasema hajali ni nani kati yao, wote wawili wameuokoa mji, na kama kuna nishani wataigawana. Onja alijaribu tena. Kadiri alivyosisitiza kwamba alijua chakula kimeharibika, ndivyo walivyompigia makofi, na mmoja akamnunulia soda. Aliishika ile chupa mpaka ikapata joto. Ni mwalimu mkuu peke yake aliyeacha kucheka. Alisimama, akakunja gazeti lake, akatoka, na baadaye ilijulikana kwamba alivuka daraja akamtafuta Mama Maziwa. Walichozungumza hakikujulikana.

Onja sasa anapika shuleni, maharage na wali kwa mamia ya wanafunzi, na hakuna anayempongeza. Mkewe alirudi chumbani baada ya mvua za kwanza, bila maelezo. Mama Maziwa hakurudi kwenye ng'ombe. Alisema magoti yake hayataki tena baiskeli, na kule jumbani bado analipwa, ingawa wageni ni wachache.

Jumapili huja kumwona dada yake. Huja na chakula chake ndani ya kibakuli chenye kifuniko, na wanakanisa wanaowatembelea wakishangaa, yeye husema ana masharti ya daktari. Onja hajawahi kumkaribisha sahani. Huwaachia meza wawili hao, akachukua sahani yake na kukaa barazani na redio ndogo. Jumapili moja habari zilisema nchi zile mbili zimekubali kukutana upya, katika mji ulio mbali sana, ambao mtangazaji alilitamka jina lake kwa kusitasita. Onja aliinua sauti ili asikie vizuri.

"Shemeji," ilitoka sauti ndani, "punguza hiyo redio, tunaongea."

Akaipunguza.